Sarafu Mpya Haina Udhuru

Huku kwetu Mulungwishi, kwenye njia ya kutoka Likasi kwenda Fungurume, mtoto anaweza kumaliza sekondari bila kulipia hata andazi kwa sarafu. Franki ya Kongo ilipoanza mwaka 1998 ilianza kwa karatasi. Hata senti zake zilikuwa noti, na mpaka leo sokoni tunahesabu karatasi tu. Ila ukifungua katalogi za wakusanyaji utakuta orodha ndefu ya sarafu zilizoandikwa jina la nchi yetu: za wanyama, za meli, za Papa Yohane Paulo wa Pili za mwaka 2004, na hata moja ya mwaka 2005 iliyotengenezwa kwa mbao, ina picha ya gorila. Zilitengenezwa ng'ambo na kuuzwa ng'ambo. Chache hurudi nyumbani, nyingi kama zawadi. Kijana aliyeko Ubelgiji anamletea baba yake kiboksi chenye sarafu inayong'aa, na mzee anakiweka kabatini pamoja na picha za familia.

Miezi inapita. Siku moja mzee anafungua kiboksi kumwonyesha mgeni, anakuta sarafu imetoka madoa meupe, au ina mstari shavuni mwa mnyama ambao hakuuona siku ya kwanza. Mtoto anampigia muuzaji, na muuzaji anajibu kwa maneno ambayo mtu akishayasikia mara mbili anaweza kuyakariri. Majibu hayo hutolewa kwa sarafu za Kongo na za nchi nyingine nyingi, na watu hunyamaza kwa sababu yanatoka kwa mtu anayeonekana kujua. Mengi si kweli. Mengine yana ukweli nusu, na hayo ndiyo yanayoumiza zaidi.

Nianze kwa kutenganisha mambo, maana wauzaji huyachanganya kwa faida yao. Ipo sarafu ya matumizi, ile ya kununulia mkate. Hiyo hupigwa kwa mamilioni, hutupwa magunia kwa magunia, na mikwaruzo ni sehemu ya maisha yake. Ipo sarafu ya uwekezaji, ambayo mtu huinunua kwa ajili ya uzito wa fedha au dhahabu iliyomo, akalipa bei ya madini na nyongeza ndogo. Halafu ipo sarafu ya ukusanyaji. Hii huuzwa kwa bei inayozidi sana madini yaliyomo, na kinacholipiwa katika ile ziada ni kazi ya mikono na mashine: visahani vitupu vilivyosuguliwa, mihuri ya kupigia iliyong'arishwa mpaka ikawa kioo, kupigwa mara mbili au zaidi kwa nguvu kubwa ili kila unywele wa simba uonekane, na mfanyakazi aliyevaa glavu. Ukiondoa hiyo kazi, kinachobaki ni kipande cha madini ambacho ungekipata kwa bei ya chini. Kila ninachosema hapa kinatoka kwenye jambo hilo moja.

Jibu linalotangulia mengine ni kwamba chuma ni chuma. Wanasema fedha hutoka madoa na dhahabu hubadilika rangi kwa maumbile yake, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa.

Jibu hilo labda litapita mahali pengine. Likasi halipiti. Mji huu umeishi kwa kusafisha shaba tangu kiwanda cha Shituru kilipoanza kazi mwaka 1929, na ni familia chache ambazo hazina mtu aliyefanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines, au Union Minière kabla yake. Muulize mzee wa aina hiyo. Bamba la shaba likitolewa kwenye beseni la umeme likiwa limejaa vinundu, hakuna msimamizi aliyekubali kuambiwa kwamba shaba ndivyo ilivyo. Alitafuta sababu: uchafu unaoelea ndani ya asidi, umeme uliozidi kipimo, mabamba yaliyokaribiana mno. Kasoro ilikuwa na chanzo, chanzo kilikuwa na mahali pake katika kazi, na mahali hapo palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kwenye sarafu ni vivyo hivyo. Madini huyeyushwa, hukandamizwa kuwa utepe, na utepe hukatwa visahani. Visahani huoshwa, hupashwa moto ili vilainike, huoshwa tena, hukaushwa, ndipo hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Kila hatua ina kasoro zake, na anayejua kazi husoma kasoro akajua hatua. Uso unaobanduka kama ganda ni uchafu au hewa iliyobaki ndani ya madini yalipoyeyushwa. Ukingo uliomeguka umbo la mwezi mchanga ni kisahani kilichokatwa juu ya tundu la kisahani kingine. Mstari ulioinuka juu ya uso ni alama ya ufa au ya kung'arishia iliyokuwa kwenye muhuri, ilhali mstari uliozama ni mkwaruzo wa sarafu yenyewe. Hilo la mwisho ni la kushika vizuri, kwa sababu kioo cha kukuza na mwanga wa pembeni vinatosha kukuonyesha kama mstari umeinuka au umezama.

Chukua yale madoa meupe, ambayo wakusanyaji huyaita madoa ya maziwa na ambayo huleta ugomvi kuliko kasoro nyingine yoyote ya sarafu za fedha. Hayapo siku ya kununua. Huja baada ya wiki, miezi, pengine mwaka, kama matone ya maziwa yaliyokauka juu ya kioo. Muuzaji husema hewa ya Afrika ndiyo iliyoyaleta. Lakini madoa hayo hayo yametokea Canada, Austria, Uingereza, Marekani na Australia, kwenye sarafu ambazo hazijawahi kutoka kwenye vifuko vyao. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dawa ya kuoshea visahani haikusuuzwa ikaisha, mabaki yake yakaokwa pamoja na kisahani kwenye tanuri, yakajificha usoni hadi yalipojitokeza. Kiwanda cha sarafu cha Canada, ambacho sarafu yake ya Maple Leaf ilikuwa imelaumiwa kwa miaka mingi kwa madoa hayo, kilitangaza mwaka 2018 njia yake ya kuyazuia, kikaipa jina MintShield. Kama ni tabia ya fedha, kiwanda kile kilizuia nini?

Madoa mekundu kwenye dhahabu ni hivyo hivyo. Dhahabu safi haishiki kutu. Inapotoka doa la rangi ya tofali, mara nyingi ni chembe ya madini mengine, shaba au fedha, iliyobaki kwenye mashine ya kukandamizia au kwenye vumbi la karakana, ikagandamizwa usoni mwa kisahani, kisha ikaanza kubadilika yenyewe kwa hewa. Dhahabu iko kama ilivyokuwa. Mgeni ndiye aliyechafuka, na mlango alioingilia uko kiwandani.

Niliwahi kushika sarafu moja ya fedha yenye uso wa kioo ambayo muuzaji alisisitiza kuwa mwenye nayo ndiye aliyeikwaruza. Ukiielekeza dirishani, uwanja wake unakuwa mweusi kabisa na mnyama anabaki mweupe kama amepakwa umande. Chini ya shingo ya mnyama palikuwa na mstari mfupi uliopinda, mdogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Kwa kioo cha kukuza mara tano mstari ule ulisema habari nyingine. Mkwaruzo huacha kingo zilizoinuka na mng'ao mkali ndani yake. Huu ulikuwa mfereji laini usio na kingo, na sakafu yake ilikuwa na alama za mshazari zilizofuatana, sawasawa na uzi uliosokotwa. Uzi wa kitambaa cha kufutia ulikuwa umebaki juu ya muhuri, ukapigwa pamoja na sarafu. Hakuna mzee wa Likasi anayeweza kufanya kitu kama hicho nyumbani kwake. Kilifanyika katika nusu sekunde, ndani ya mashine, nchi nyingine, na aliyeweka sarafu ile kwenye kiboksi hakuitazama.

Jibu la pili linavutia zaidi: kwamba mwenye sarafu yenye kasoro ana bahati, kwa sababu makosa huongeza thamani.

Yapo makosa yanayoongeza thamani. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha sura za sarafu zake, mwaka wa kutolewa kwa peni 20 ukahamishwa upande mmoja kwenda mwingine, muhuri wa zamani ukakutanishwa na mpya, na zikatoka sarafu zisizo na mwaka popote. Watu walizilipia mara nyingi ya thamani yake. Chile mwaka huohuo ilipiga sarafu za peso 50 ambazo jina la nchi liliandikwa CHIIE, na mkuu wa kiwanda akaja kupoteza kazi. Hizo nazo zinatafutwa. Lakini tazama zinafanana nini. Kosa lake linatajika kwa sentensi moja, linaonekana kwa macho, linarudiwa vilevile kwenye kila sarafu ya kundi lile, na halikuhitaji hoja ya muuzaji ili litambulike. Doa la maziwa halina mfuasi. Hakuna mtu duniani anayekusanya alama za vidole vya wafanyakazi wa kiwanda. Mkwaruzo, ukungu, ukingo uliogongwa, picha iliyopigwa kwa nguvu isiyotosha, yote hayo hupunguza bei siku ya kuuza, na muuzaji yuleyule aliyekuambia una bahati ndiye atakayekupa bei ya chini ukimrudia kuuza. Mwambie aandike kwa mkono wake kwamba yuko tayari kuinunua tena kwa bei ya juu kwa sababu ya kasoro hiyo. Haandiki.

Tena tazama alivyofanya aliyejiheshimu. Mwezi wa Aprili 2013 Benki Kuu ya Ireland ilitoa sarafu ya fedha ya euro 10 kwa heshima ya mwandishi James Joyce. Zilikuwa 10,000, kila moja iliuzwa euro 46, na katika sentensi iliyonukuliwa kutoka riwaya ya Ulysses kulikuwa na neno moja lililozidi. Hili lilikuwa kosa la aina ile ya kwanza, ambalo wakusanyaji wangeweza hata kulipenda. Pamoja na hayo benki ilikiri, ikatangaza kwamba asiyeridhika airudishe apewe pesa zake. Haikumwambia mtu yeyote ashukuru.

Jibu la tatu hutolewa hasa kwetu sisi wa Katanga, na linanigusa. Wanasema: mbona ule msalaba wenu wa shaba una matundu na mikunjo, na ndio mnaojivunia?

Msalaba ule najivunia, ndiyo. Mababu walichimba malakiti, wakaiyeyusha kwa makaa ndani ya tanuri za udongo, wakamimina shaba kwenye kalibu. Makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yalipoanza kufukuliwa mwaka 1957 yalitoa misalaba mingi iliyozikwa na wenyewe, na ukiipanga kwa umri unaona kwamba ya zamani ilikuwa mikubwa na ya vipimo mbalimbali, na iliyofuata ikawa midogo yenye ukubwa unaokaribiana, jambo lililowafanya wanaakiolojia waamini kwamba ilikuwa imegeuka kuwa fedha ya kubadilishana. Matundu yake yalitokana na hewa iliyonaswa shaba ilipoganda. Mwenye kuupokea aliupima kwa mkono, akaujua uzito wake, akaupokea kama shaba. Aliyeumimina hakumwahidi uso wa kioo. Hakuandika kwenye karatasi kwamba ni kazi ya hali ya juu kabisa isiyo na dosari. Alitoa shaba, akapokelewa kwa shaba, na kwa hiyo tundu lile halimdai mtu chochote.

Tunao hata mfano wa karibu zaidi. Katanga ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, mwaka uliofuata ilitoa sarafu za bronzi za franki 1 na franki 5, zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Dola ile haikuvuka Januari 1963, lakini sarafu zake bado hujitokeza kwenye masanduku ya wazee, zikiwa za kahawia, zimelika kwenye ukingo, pengine zimetobolewa ili zivaliwe shingoni. Hakuna anayelalamika juu yake, wala hapaswi, maana zilitoka kwenda kufanya kazi sokoni. Ila franki 5 ileile ilipigwa pia kwa dhahabu mwaka huohuo 1961, na hiyo haikuwa ya kununulia unga. Aliyeilipia dhahabu ile akiwa mkusanyaji alikuwa na haki ya kuikagua kwa jicho kali kuliko mama aliyepokea ile ya bronzi sokoni Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mchoro ni mmoja, jina ni moja, ahadi ni mbili tofauti. Kutumia msalaba wa kale au sarafu ya soko kufunika uzembe wa kiwanda cha leo ni kuwadhulumu mababu na mnunuzi kwa pamoja.

Halafu kuna cheti. Muuzaji anasema sarafu ina cheti, ina jina la serikali, kwa hiyo ubora wake umekwisha kuthibitishwa.

Kisome cheti chenyewe. Mara nyingi kinataja madini, uzito, kipenyo, na idadi iliyokusudiwa. Kuhusu uso wa sarafu iliyo mkononi mwako hakisemi neno. Hata ule mtihani mkongwe wa Uingereza, ambao tangu mwaka 1282 sarafu za kiwanda cha kifalme hupelekwa mbele ya jopo kuhukumiwa, unapima chache zilizochaguliwa, na unachotafuta ni uzito, vipimo na usafi wa madini. Mtihani huo ni wa maana kubwa, lakini haukukagua sarafu yako.

Jina la serikali lina uzito wake, na hapa nasema kama raia. Sarafu nyingi za aina hii duniani huanza kwa kampuni binafsi kupata kibali cha kutumia jina la nchi, kutafuta kiwanda, kulipa ada na kuuza. Nchi hupata kitu kidogo na jina lake huzunguka dunia. Hakuna ubaya kama kazi ni safi. Nchi yetu, ikiitwa Zaire, mwaka 1975 ilitoa sarafu za kuhifadhi wanyama, za fedha zenye gorila na okapi na ya dhahabu yenye chui, katika mpango uleule ambamo Tanzania ilikuwa imetoa zake mwaka 1974 zenye sura ya Nyerere, na kazi ya kupiga ilifanywa na kiwanda cha kifalme cha Uingereza. Kwa hiyo inawezekana jina letu likaandikwa juu ya kazi iliyotunzwa. Ninachokataa ni jina la nchi kutumiwa kama kizibo mdomoni mwa mnunuzi. Kama jina letu limo kwenye sarafu yenye doa, hiyo ni sababu ya kudai zaidi.

Wengine huongeza kwamba sarafu yenye thamani iliyoandikwa haiwezi kukutia hasara, kwa kuwa ni fedha halali. Franki ilipoanza mwaka 1998, dola moja haikufika franki mbili. Leo dola ni zaidi ya franki elfu mbili. Sarafu iliyoandikwa franki 10 haikulindi na chochote.

Mahali cheti kinaweza kukusaidia ni kwenye uzito na madini, kwa sababu hayo unaweza kuyapima. Fedha safi ina uzito mara 10.49 ya maji ya ujazo uleule. Tafuta mizani ya kielektroniki ya wanunuzi wa dhahabu, weka kikombe cha maji juu yake, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame bila kugusa kuta wala chini. Sarafu ya aunsi moja, yaani gramu 31.1, ikiwa ni fedha safi, mizani itasoma karibu gramu 2.97. Ikisoma karibu 3.5, umeshika shaba au shaba yenye nikeli iliyopakwa fedha juu. Baada ya hapo ikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini, usiisugue. Na kabla ya yote hayo soma tangazo neno kwa neno: sarafu ya fedha na sarafu iliyopakwa fedha hutofautiana kwa neno moja kwenye tangazo na kwa sehemu kubwa ya bei.

Ndugu zangu walioko Ulaya huniuliza kuhusu zile zilizofungwa kwenye visanduku vigumu vya plastiki na kupewa daraja la 70, la juu kabisa. Kampuni kubwa za kazi hiyo, PCGS na NGC, zimefanya mema mengi tangu miaka ya 1980, hasa kuwabana wauza bandia. Lakini maelezo ya NGC yenyewe ni kwamba daraja la 70 ni la sarafu isiyo na dosari iliyopatikana baada ya kutengenezwa, ikitazamwa kwa kioo cha kukuza mara tano. Baada ya kutengenezwa. Uzi uliopigwa ndani ya mashine ni habari nyingine. Na doa la maziwa huweza kuchipuka ndani ya kisanduku kilichofungwa, na namba 70 ikabaki pale pale juu yake. Namba inaeleza siku ilipoandikwa.

Kuhusu uchache nitasema kifupi. Kwamba zimepigwa 500 tu au 2,000 tu hakuifanyi iliyoharibika kuwa nzuri. Uchache bila wanaoitaka hauna bei, na mwenye kupiga kidogo ndiye mwenye nafasi zaidi ya kukagua moja moja.

Jibu linalofuata humgeuzia mnunuzi kibao: umeishika kwa vidole, umeihifadhi vibaya, isugue kidogo doa litatoka.

Hapa lazima tukubali sehemu yetu. Kidole kikigusa uso wa kioo huacha mafuta na chumvi, na baada ya muda alama hukaa daima. Sarafu hushikwa kwenye ukingo, juu ya kitambaa, na mtu afunge mdomo anapoitazama. Mfuko laini wa plastiki ya PVC, ule wenye harufu kama ya zulia jipya la plastiki, hutoa kitu cha kijani kinachonata ambacho hula shaba na kuchafua fedha. Kwa joto letu la Oktoba hufanya haraka. Mwenye kuhifadhi hivyo amejiharibia, na asimlaumu mtu. Lakini mara ngapi mfuko huohuo ndio alioutumia muuzaji? Kama sarafu imekuja ndani yake, kosa limekuja nayo.

Kusugua, hapana. Si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa ndimu, si kwa ile dawa ya kung'arishia vyombo inayouzwa madukani. Uso wa kioo wa sarafu ni mwembamba na laini kuliko unavyodhani, na mpito mmoja wa kitambaa huacha mamia ya mistari ambayo itaonekana kila utakapoigeuza kwenye mwanga. Asetoni safi, bila kusugua, inaweza kuondoa mafuta na ule unyevu wa PVC bila kuigusa fedha. Doa la maziwa haliwezi. Na ukishaisugua, umempa muuzaji udhuru ambao hakuwa nao: atasema umeiharibu mwenyewe, na safari hii atakuwa anasema kweli.

Lililobaki halisemwi wazi, ila linasikika kwenye sauti. Kwamba malalamiko ya namna hii ni ya matajiri wa Ulaya, na mtu wa Likasi au Mulungwishi angefurahi tu kwamba anayo sarafu ya fedha yenye jina la nchi yake. Hilo nalikataa kwa moyo wote. Dola sitini za kijana anayeosha vyombo Brussels si ndogo kuliko dola sitini za daktari wa Geneva. Ni kubwa zaidi. Na sisi si wageni kwenye jambo la madini. Vilima vinavyoonekana kutoka chuo kikuu cha Wamethodisti hapa Mulungwishi ni vya Katanga ileile ambamo watu waliyeyusha shaba zamani kabla ya Union Minière. Macho ya kujua kazi nzuri na mbaya ya chuma tunayo.

Wala sisemi kila nukta iwe kesi. Kinachohitaji kioo cha kukuza mara ishirini ili kionekane, kiache. Sarafu ya uwekezaji yenye mkwaruzo mdogo, uliyoinunua kwa bei ya madini, iache pia, isipokuwa uzito wake haukutimia. Lakini sarafu ya ukusanyaji, mpya, iliyouzwa kama kazi kamilifu, ikiwa na dosari unayoiona kwa jicho ukiwa umeishika mkononi chini ya mwanga wa dirisha, imekosa kile kitu kimoja ulichokilipia.

Basi siku inapofika, wewe au mwanao aliyeko huko, fungueni kiboksi siku hiyohiyo, msingoje sikukuu. Itazameni kwa mwanga wa pembeni, pande zote mbili na ukingo. Ipimeni uzito. Pigeni picha ikiwa bado kwenye kifuko chake, mkiweka karatasi yenye tarehe pembeni. Hifadhini risiti na tangazo lenyewe, maana ndilo lenye ahadi. Mkiona kasoro, msiiguse, msiisafishe, msikubali maneno ya simu. Andikeni, tajeni kasoro kwa jina lake na mahali ilipo, ombeni jibu la maandishi, na irudisheni kabla muda wa kurudisha haujaisha.